Sura ya Nne: Chumba cha Tatu, Juu

Saa mbili asubuhi mpelelezi alishuka chini ya daraja akiwa na rula ya chuma, tochi, na viatu alivyojua havitarudi salama. Hakujali viatu. Saa nane mchana fundi mmoja angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kuharibu daraja la serikali, na karatasi ya mashtaka ilikuwa kwenye mkoba wa mpelelezi, imekamilika yote isipokuwa sahihi. Sahihi iliyokosekana ilikuwa yake.

Kituoni walimwita Rula, kisogoni, wakidhani hajui. Alijua siku nyingi, na jina hilo lilimpendeza kuliko cheo chake.

Daraja lenyewe lilikuwa kongwe kuliko mtu yeyote aliyewahi kulipita. Lilikuwa na kuta mbili za chuma, moja huku na moja kule, gari likipita katikati. Kila ukuta ulikuwa umeundwa kwa nguzo za wima na vyuma vya mshazari, vimeshikana kwa riveti, ile misumari minene yenye vichwa vya mviringo ambayo siku hizi hakuna anayeipigilia. Kichwani kabisa, juu ya magari, mishazari mingine iliunganisha ukuta na ukuta. Nafasi kati ya nguzo na nguzo mafundi waliziita vyumba. Vilikuwa saba, vikihesabiwa kuanzia upande wa sokoni.

Juzi saa nne asubuhi lori la mahindi lilikuwa limefika katikati chuma kimoja kilipokatika kwa mlio uliowatoa watu madukani. Daraja likainama ubavu, lori likaegemea ukuta, dereva akavunjika mguu. Lori lilikwisha kuvutwa. Sasa waendao kwa miguu na wenye baiskeli waliruhusiwa kupita mmoja mmoja, wakishika kamba, kando ya ukuta uliokuwa mzima.

"Nisomee yale maelezo ya Msimamizi," Rula alisema, akipanda ngazi iliyosimamishwa kwenye mawe.

Koplo alikuwa amebaki pakavu. Alimzidi Rula miaka kumi, alikuwa amerukwa kupandishwa cheo mara tatu, na hakumlaumu mtu yeyote ila alilitaja jambo hilo kila wiki. Alikunjua karatasi, akakohoa.

"'Mimi ni msimamizi wa matengenezo ya barabara. Nilifika darajani saa tano asubuhi nikakuta mshazari wa juu, chumba cha tatu, umekatika. Nilipochunguza niliona tundu jipya lililotobolewa kwa keekee katika chuma hicho. Mtu pekee mwenye keekee eneo hili ni fundi wa kuchomelea aitwaye Cheche, ambaye ameonekana mara kadhaa chini ya daraja. Maelezo haya nimeyatoa leo saa nane mchana.' Mwisho. Na sahihi ya maringo, ina mikia mitatu."

"Soma tena ile sentensi ya pili."

Koplo akairudia. "Ina nini, afande?"

"Sijui bado. Imenikwaruza sikio."

Mshazari uliokatika ulikuwa wa ukuta unaotazama maji yanakotoka. Ulikuwa umekatika karibu na mguu wake, usawa wa barabara, mahali ambapo mtu aliyesimama juu ya daraja angepafikia kwa kuinama. Rula aliwasha tochi akaanza na mdomo wa chuma, pale kilipoachana. Alipima polepole, akisema namba kwa sauti, na Koplo akiandika.

"Upana wote, sentimita kumi na nane. Kutoka ukingoni, sentimita kumi na moja, kuna rangi ya kijivu ndani ya mpasuko. Umeandika? Ndani. Halafu sentimita moja ya kutu bila rangi. Halafu tundu. Milimita kumi, halina rangi, halina kutu ya maana. Halafu sentimita tano za mwisho zinang'aa kama kijiko kipya."

"Nimeandika. Kwa hiyo Cheche katoboa, chuma kikalegea, lori likamalizia."

"Rangi hii ilipakwa lini?"

"Miezi sita iliyopita. Kikosi cha Msimamizi. Mpaka leo nina suruali yenye doa lake."

"Basi eleza rangi iliingiaje ndani ya chuma kilichokatika juzi."

Koplo alisogea hadi maji yakamfika viatuni.

"Ufa ulikuwepo kabla ya rangi," Rula alisema. "Waliupaka, rangi ikazama. Ukaendelea kukua sentimita moja, ndiyo kutu hii. Halafu ukafika kwenye tundu, ukasimama. Upande wa pili wa tundu chuma kilikuwa kizima mpaka juzi, ndiyo maana kinang'aa. Koplo, beseni la plastiki likipasuka ukingoni nyumbani kwako, mkeo hufanyaje?"

"Huniambia ninunue jingine."

"Na ukishakataa?"

"Huchoma msumari motoni, akatoboa katundu pale ufa unapoishia, ili usi..." Koplo aliacha kuandika. Aliangalia tundu, akamwangalia Rula. "Ili usiendelee."

"Tundu hili halikukata daraja. Bila hili daraja lingelala mapema zaidi, na pengine mtoni kabisa." Rula alishuka, viatu vikalia chwa-chwa. "Twende kwa Cheche. Nataka kujua kwa nini mtu aliyefanya jambo la maana hivi amekaa mahabusu siku mbili kama bubu."

Karakana ya Cheche ilikuwa mwisho wa daraja: bati, mageti matatu ambayo hayajamalizika, mitungi miwili ya gesi, na harufu ya chuma kilichoungua. Koplo aliingia kwanza, na mara akanyanyua kitu kwa ushindi.

"Afande! Msumeno wa chuma!"

"Karakana isiyo na msumeno wa chuma ndiyo ningeikamata. Weka chini."

Mke wa Cheche alitoka nyuma akijifuta mikono kwenye kanga. Macho yalikuwa mekundu lakini shingo ilikuwa wima, na alimtazama Rula ana kwa ana.

"Mnatafuta nini tena, dada? Juzi wenzako wamechukua mpaka glavu zake."

"Keekee waliichukua?"

"Ya umeme waliichukua. Ya mkono hawakuiona."

Alilisema kisha akajiuma mdomo. Rula alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa, kama mgeni aliyekuja kushinda.

"Mama, nisikilize. Nimetoka chini ya daraja sasa hivi. Nimeliona lile tundu, na najua kazi yake. Fundi aliyelitoboa alitaka kuzuia ufa. Nataka kusikia tu kwa kinywa cha mtu ni nani na lini. Saa nane ikifika sitakuwa na nafasi ya kusikia tena."

Mwanamke yule aliingiza mkono nyuma ya mtungi, akatoa keekee ya mkono, ya mpini wa mbao, ncha bado imo. Rula aliweka rula kwenye ncha. Milimita kumi.

"Wiki tatu zilizopita," mke wa Cheche alisema. "Mchana wa jua kali, watu wote wako kivulini. Kila lori likipita alikuwa anasikia chuma kinalia, anaamka kwenye kiti. Alikwenda kwa Msimamizi mara tatu. Ya kwanza aliambiwa ataitwa. Ya pili aliambiwa daraja limekaguliwa na ni zima. Ya tatu akaambiwa atengeneze mageti yake, akigusa daraja la serikali atafungwa." Akacheka kwa uchungu. "Basi akaligusa. Nusu saa nzima anazungusha mpini, jasho linanidondokea usoni."

"Lilikudondokea wewe? Ulikuwa wapi?"

"Chini yake. Nani mwingine angeshika ngazi?"

Koplo alianza kuandika, akaona Rula anatikisa kichwa, akaacha.

"Ndiyo maana hasemi," Rula alisema.

"Anadhani akifungua mdomo watatuchukua wote wawili. Nimemwambia aseme. Mume wangu akishaamua jambo, dada, hata moto wa gesi haumlainishi." Hapo akalia waziwazi, bila kujificha. Koplo alitoa leso yake, akaiangalia ilivyochafuka, akairudisha mfukoni kwa aibu.

Ofisi ya matengenezo ya barabara ilikuwa vyumba viwili na veranda. Msimamizi aliwapokea kwa bashasha. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na buti zisizo na tone la tope, jambo ambalo Rula aliliona akiangalia viatu vyake mwenyewe vilivyojaa tope.

"Nilijua mtakuja, afande. Nimeshawaandalia." Alivuta kabatini rejista ya madaraja, kitabu kinene cha jalada gumu. "Ukurasa upo tayari. Msije mkasema hatukulishughulikia."

Rula alisoma. Mwandiko wa kwanza ulikuwa mdogo na wa kubana, wa mkaguzi wa madaraja aliyestaafu mwezi uleule alioandika, miezi sita iliyopita: *Mshazari wa juu, chumba cha tatu. Ufa, urefu wa kidole. Ushughulikiwe.* Chini yake, kwa sahihi yenye mikia mitatu: *Tumepanda juu. Mishazari yote imeangaliwa. Hakuna ufa. Rangi imepakwa.*

Alisoma mara mbili. Kile kilichomkwaruza sikio asubuhi sasa alikiona kwa macho.

"Naomba dakika tano," alisema. "Nina simu ya kupiga."

Mkaguzi mstaafu alipokea simu kwa kelele ya mtu asiyesikia vizuri na anayedhani wengine wote wako hivyo.

"Shikamoo, mzee. Naulizia jambo dogo. Uliandika mshazari wa juu, chumba cha tatu. Juu ulimaanisha wapi?"

"Marahaba! Juu? Juu ni juu ya mto, binti! Maji yanakotoka! Daraja lina ukuta wa juu na ukuta wa chini, kama mto wenyewe! Vyuma vya kule kichwani tunaviita utosi. Ningetaka utosi ningeandika utosi! Hivi ofisini hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi ya daraja?" Alikohoa. "Halafu nyie mna nini na neno hilo? Wa pili wewe wiki hii!"

Rula alihamishia simu sikio la pili. "Wa kwanza nani?"

"Hakujitaja! Mwanamume. Juzi, saa sita mchana, nina chakula mbele yangu. Kaniuliza 'juu ni wapi,' nikamwambia, akakata simu. Hata asante! Nikamsonya, lakini alikwisha kwenda!"

"Sauti yake ukiisikia tena utaijua?"

"Binti, masikio yangu yanachagua. Watu wasio na adabu nawasikia vizuri sana."

Aliporudi ndani Msimamizi alikuwa amemwagizia Koplo soda, na Koplo alikuwa ameinywa yote bila kuona haya. Rula alikaa, akaweka rejista mezani upande wa kulia, na maelezo ya polisi upande wa kushoto, yamefunikwa.

"Kabla hujaja hapa ulifanya kazi wapi?"

"Matangi ya maji. Miaka kumi na mbili. Tangi langu halijawahi kuvuja."

"Nakubali. Sasa nisaidie kusoma hapa. Mkaguzi kaandika juu. Wewe ukapanda wapi?"

Msimamizi alicheka, akanyoosha kidole kwenye dari. "Juu ni juu, afande. Kichwani. Nilipanda mwenyewe na vijana wawili. Tuliangalia chuma kimoja baada ya kingine. Hakuna kitu. Mzee yule macho yalikuwa yameshachoka."

"Una hakika neno hilo halina maana nyingine?"

"Maana gani nyingine? Hata mtoto anajua juu ni wapi."

"Vizuri." Rula alifunua karatasi ya kushoto. "Haya ni maelezo yako ya juzi, saa nane mchana. 'Nikakuta mshazari wa juu, chumba cha tatu, umekatika.' Umekatika wa kichwani?"

Msimamizi aliangalia karatasi yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Nilimaanisha... ule uliokatika."

"Uliokatika uko usawa wa magoti yangu. Vya kichwani nimevihesabu asubuhi hii, vyote vizima. Kwa nini cha magotini umekiita cha juu?"

"Ni mazoea tu, afande. Watu wa mtoni husema hivyo, juu ya mto, chini ya mto. Kila mtu anajua."

"Kila mtu anajua?"

"Kila mtu."

"Basi miezi sita iliyopita ulijua pia, na hukuuangalia ukuta. Ukapaka ufa rangi na kuandika haupo."

"Hapana! Wakati ule sikujua, naapa, sik..." Alijikatiza hapo. Koplo, ambaye alikuwa akiandika, aliinua kichwa kwa furaha ya mtu anayeangalia mpira na timu yake imefunga.

"Wakati ule hukujua," Rula alisema. "Nakuamini. Cheche alikuja mara tatu kukwambia, ukamjibu limekaguliwa. Saa tano juzi ukafika darajani, ukaona chuma kimekatika na rangi yako imo ndani, ukakumbuka ukurasa huu. Saa nane ulikuwa unaandika neno hili kama mtu wa mtoni. Kati ya hapo kuna mtu alikufundisha. Toa simu yako uiweke mezani."

"Simu yangu ni mali binafsi."

"Ni kweli. Basi tutumie yangu. Mzee yuko hewani, sikukata." Aliiweka mezani, ikielekea kwake. "Msalimie tu. Anasema asante yake hujampa."

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti kubwa: "Halo? Halo! Nani huyo? Ongea nikusikie!"

Msimamizi aliweka mikono kwenye magoti ya suruali yake safi, na ile bashasha yote ikamtoka.

"Nilipanda juu, afande," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nilipanda kweli. Naogopa urefu, miguu ilikuwa inatetemeka, na nikapanda."

"Najua ulipanda. Kosa la kusoma neno ningeliandika kuwa kosa la kusoma neno, na ningekutetea. Lakini juzi saa sita ulijua ufa ulikuwepo, na ulijua nani alikuja kukwambia. Saa nane ukaandika jina lake." Rula alifunga rejista. "Koplo, mwandikie Msimamizi maelezo mapya. Na safari hii, kila akisema juu, muulize wapi."

Saa saba na nusu Cheche alitolewa mahabusu akiwa ameshika mkanda wake mkononi. Mkewe, aliyekuwa amengoja kwenye benchi, alimwendea, akampiga kofi la bega, kisha akamkumbatia palepale alipompiga.

"Nimesema," alimwambia. "Nimesema nilishika ngazi, na wala hawajanifunga. Umekaa siku mbili bure, mume wangu."

Cheche alimtazama Rula kana kwamba anatafuta mtego. Rula alitoa karatasi ya mashtaka mkobani, akamwonyesha mahali pa sahihi. Palikuwa patupu.

"Hakuna kesi. Nenda nyumbani ukaoge. Mageti ya watu yanakungoja."

Fundi alishusha pumzi ndefu, akageuza uso ukutani kidogo. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni, akageuka ghafla.

"Daraja mmelifunga, si ndiyo?"

"Magari tu," Koplo alisema. "Wa miguu wanapita kwa kamba, upande ulio mzima. Msimamizi aliruhusu."

"Wasipite!" Ilikuwa mara ya kwanza kwa kituo kizima kumsikia akipaza sauti. "Nilidhani limefungwa, ndiyo maana nikanyamaza. Kuna ufa mwingine. Niliuona siku ileile, ngazi yangu haikufika. Chumba cha tano, chini!"

Koplo alikuwa tayari na redio mdomoni, akiwaambia askari wa zamu wafunge pande zote mbili, asipite hata paka, na waliomo katikati warudishwe mmoja mmoja, taratibu, bila kukimbia.

"Chini ipi?" Rula aliuliza.

Cheche aliinua kidole, akafungua mdomo kueleza.

"Usiniambie." Rula aligeuza karatasi ya mashtaka upande usioandikwa, akaiweka mezani na kalamu juu yake. "Nichoree."

Fundi aliinama. Kabla hajachora chuma hata kimoja, alichora mto, na mshale wa kuonyesha maji yanakokwenda.